Jina la Golikipa

Mjimwema, Songea
22 Januari 1995

Kaka yangu Daimu,

Shikamoo. Ndiyo, nakuamkia, na usicheke. Nilikubeba mgongoni ukiwa mtoto wa dada yangu, ukiitwa Shukuru, ukililia muhogo njia nzima. Lakini tangu siku ile ya arobaini tulipokukalisha kwenye mkeka wa marehemu kaka yetu na kukurithisha jina lake mbele ya ukoo mzima, wewe si mwanangu tena. Wewe ndiye Daimu, mwenye mbumba, mlinzi wa dada zake na watoto wao, na mimi ni mdogo wako. Kwa hiyo itikia marahaba huko uliko, tuendelee.

Huku Songea tunasukuma siku. Shemeji yako Urban walimpunguza kazini Novemba, yeye na nusu ya ofisi, eti serikali haiwahitaji tena. Sasa anauza mitumba sokoni, na kila jioni ananiletea suruali za Wazungu wanene nizipunguze kiuno. Mahindi yamesimama vizuri ingawa mbolea mwaka huu tumeisikia redioni tu. Vipi miguu ya mama yako, ambaye sasa ni dada yako? Jina hili limetuvuruga hesabu sote.

Sasa nisikilize vizuri. Juzi alikuja hapa barazani mzee anayeitwa Leo, yule aliyekuwa kapteni wa timu ya Shule ya Luhangano hapa Songea. Miaka yote hii alikuwa kazini Mtwara, wamemstaafisha, amerudi. Alileta vitambaa niwashonee jezi timu nzima ya mwaka sabini na mbili, ile iliyochukua kombe la mkoa marehemu akiwa golini, maana zile za zamani haziwapiti matumbo. Tarehe 24 Juni shule inafanya sherehe kubwa ya kuwakumbuka wachezaji wake wa zamani na wanafunzi wote waliopita pale. Wataitwa uwanjani timu kwa timu, jina kwa jina. Aliye hai ataitika, "Nipo." Aliyekufa, wenzake watamwitikia kwa pamoja, "Yuko benchi." Ndivyo walivyokubaliana.

Na shule siku hizi inajiendesha yenyewe, haingoji majina kutoka wizarani. Julai wanafungua darasa jipya la kidato cha kwanza. Kila mchezaji wa zamani atakayesimama uwanjani na kuitika jina lake, mtoto wake mmoja anapata nafasi, na wenzake wenye uwezo watamlipia. Aliye benchi hana fungu, nafasi ni chache. Unaona ninakokwenda? Tabu, mtoto wa marehemu, mwenye akili vile, amemaliza la saba na kubaki nyumbani kwa sababu shule yenu nzima kachaguliwa mvulana mmoja. Huyo Leo aliponiuliza Daimu yuko wapi siku hizi, nilimjibu, "Yupo Namasakata, analima korosho." Akamwandika pamoja na walio hai, akamaliza togwa yake, akaenda. Sikusema uongo. Daimu yupo.

Uje, kaka. Anza kujipanga mapema, hiyo barabara yenu naijua.

Mdogo wako,
Biasha, ambaye kanisani wanamwita Edna


Namasakata, Tunduru
26 Februari 1995

Dada Biasha,

Marahaba, nimeitikia, ingawa moyoni mimi ndiye ninayekuamkia shikamoo mama mdogo, kwa kuwa mdomo haujazoea.

Hapa tu wazima kwa uwezo wa Mungu. Mfungo unakwenda ukingoni, wiki hii tukijaaliwa kuuona mwezi tutafungua. Miguu ya mama bado inavimba, jioni inakuwa mizito hawezi kwenda kisimani. Mihogo imeingiliwa na nguruwe. Korosho, ndiyo hivyo tena: chama cha ushirika msimu huu hakikuja kabisa. Zilijaa ndani mpaka tukawa tunalala juu ya magunia. Aliyekuja ni mnunuzi mmoja wa Nachingwea mwenye lori lake mwenyewe, ndiye aliyekiokoa kijiji. Ni mtu mzuri, hana maneno mengi.

Kuhusu sherehe, mimi naona tuiache. Wenzake marehemu wana mvi, na mimi ndevu zenyewe hazijajaa kidevu. Walipochukua kombe hilo nilikuwa natambaa. Nitasimama vipi katikati yao niseme nipo? Watu watacheka, na hawatanicheka mimi, watamcheka yeye. Tena golini sijawahi kusimama. Wakinichezesha huniweka pembeni kabisa, na mpira ukinifikia huko ujue umepotea njia. Mwambie Leo amwandike benchi, itakuwa heshima kwa wote.

Mama anakusalimu. Majirani wanakusalimu. Hata shehe wetu mpya, kijana aliyerudi kutoka masomoni Unguja, anakusalimu ingawa hakujui.

Wako,
Daimu


Mjimwema, Songea
19 Machi 1995

Kaka Daimu,

Shikamoo, tena kwa sauti, majirani wasikie. Natumaini Idd ilikwenda vizuri na mlikula wali. Sisi tuko katika Kwaresima, Urban ameapa kuacha pombe yake ya komoni mpaka Pasaka na amekuwa mkali hata kwa paka. Mtoto wa mwisho ameota meno mawili. Mama yako mwambie achemshe majani ya mpera akande miguu.

Eti unaogopa kuchekwa. Mimi nilizaliwa Biasha, nikaolewa na Mngoni, nikamwagiwa maji kanisani nikatoka naitwa Edna, na sijamwona bado aliyenicheka wala aliyesema sisi ni wawili. Jina ni kazi uliyopewa. Ukiifanya, ni lako. Usipoifanya, watu watakuwa na haki ya kucheka.

Hata hivyo maneno yako yalinichoma. Nilikwenda kwa Leo nikamweleza yote, kwamba Daimu aliyemjua alikufa kwa homa mwaka themanini na tisa, na aliyepo ni mpwa wake aliyemrithi. Yule mtu mzima alikaa kwenye ngazi za nyumba yake akalia, wajukuu wanamtazama. Alipomaliza akauliza swali moja, kama jina lilikabidhiwa mbele ya ukoo au ni maneno ya njiani. Nikamwambia ukoo wote ulikuwepo. Akasema, "Basi aje. Jina la golikipa wangu halitaanguka mchangani nikiwa hai." Mkuu wa shule ndiye shida. Ni mgeni, mtu wa Kilimanjaro, mambo haya hayajui. Mzee Leo amesema huyo tumwachie yeye.

Na sasa nina swali. Umeniletea salamu za mama yako, za majirani, hadi za shehe asiyenijua. Umenipa habari za nguruwe. Mbona Tabu humtaji? Barua yangu nzima ilikuwa ya Tabu. Kama anaumwa niambie, nina moyo wa kusikia.

Mdogo wako,
Biasha


Namasakata, Tunduru
7 Mei 1995

Dada Biasha,

Marahaba. Usinione mkaidi kwa kukawia. Barua yako ilikaa Tunduru mjini mwezi mzima, barabara ilikatika, malori yakazama kwenye tope mpaka madereva wakajenga vibanda na kupika ugali kama wenyeji. Mama amejaribu majani ya mpera, amepata nafuu kidogo. Tumekosa chumvi kwa muda, sasa imefika. Mpunga wa bondeni umeanza kuiva, na ndege wameshajua.

Nilifikiri sana maneno yako. Basi nikaenda uwanja wa hapa kijijini nikawaomba vijana wanipigie mipira nikiwa golini. Walicheka wakakaa chini. Nilirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Kidole kimoja kimevimba. Lakini kuna mpira mmoja, dada, ulikuja juu kulia, nikaruka bila kujua ninaruka, nikaukuta uko mikononi. Wazee waliokuwa wakipita wakasimama. Mmoja akasema marehemu aliruka hivyohivyo. Nilirudi nyumbani sikuweza kula, nilifurahi sana na kuhuzunika sana.

Pamoja na hayo sidhani kama nitaweza kuja. Kuna mambo ya nyumbani yameingiliana na tarehe hiyo. Usiniulize kwa barua.

Tabu hajambo, anatwanga.

Wako,
Daimu


Mjimwema, Songea
21 Mei 1995

Shukuru,

Leo sikuamkii. Leo nazungumza na mtoto wa dada yangu.

Sisi wazima, asante, tuache hayo. Jumatano nilikuwa sokoni kwenye meza ya Urban, akaja mwanamke mmoja wa Namasakata kutafuta shuka. Tulisalimiana kwa Kiyao, tukafurahi, nikamuuliza habari za kwetu. Akanipongeza. Nikamuuliza unanipongeza nini. Akasema, "Kwani wewe si shangazi yake Tabu? Harusi ya mtoto wenu inasubiriwa kijiji kizima. Mkwe ameshaezeka nyumba ya kwenu mabati."

Nilikaa chini pale pale juu ya mitumba ya watu. Urban alidhani ni malaria.

Kwa hiyo ndiyo maana Tabu anatwanga. Anatwanga mchele wa harusi yake mwenyewe! Na yule mnunuzi mzuri asiye na maneno mengi, aliyekiokoa kijiji, ndiye huyo? Mtu ambaye ana watoto wakubwa kuliko Tabu, mwanamke yule ameniambia. Mimi huku nakata vitambaa, nasumbua wazee wa watu, nalia na kapteni wa timu kwenye ngazi zake, na wewe unaniandikia habari za ndege na mpunga. Nina hasira nawe, angalia mwandiko.

Niandikie. Usinitajie mvua. Nataka kujua nani alitoa neno, na lini, na Tabu mwenyewe amesema nini.

Mama yako mdogo,
Biasha


Namasakata, Tunduru
6 Juni 1995

Mama mdogo,

Shikamoo. Ulivyoniita ndivyo nami nitakavyokuita.

Neno nilitoa mimi. Nilitoa mwezi wa Desemba, siku chache baada ya majina ya waliochaguliwa kubandikwa shuleni na la Tabu kukosekana. Barua yako ya kwanza ilinikuta nimeshatoa. Niliisoma nimesimama, nikairudia.

Usidhani niliuza mtoto. Korosho zilikuwa zinaoza ndani na hapakuwa na lori jingine. Huyu alikuja, akapima, akapakia, jioni akala kwetu. Alimwona Tabu akileta maji ya kunawa. Safari iliyofuata alikuja na wazee wake, na mama akaniambia, msichana asiyekwenda shule anangoja nini? Walikaa mkekani wakasema, "Tumekuja kwa Daimu." Hawakusema Shukuru. Nikajibu kama Daimu nikasema ndiyo. Nilikuwa sijapata kujibu jambo kubwa kwa jina hilo, na nitakuambia ukweli, nilijisikia mtu mzima.

Sasa nikilirudisha neno, ni nani tena atakayekaa mkekani na jina hilo? Lori lake lisipokuja msimu ujao, kijiji kitamlaani Daimu, na laana itamfikia marehemu kaburini.

Umeuliza Tabu alisema nini. Alikwenda kuyachoma madaftari yake nyuma ya nyumba, nikamkuta, nikayazima kwa mguu. Tangu hapo ananiitikia abee baba, hakuna zaidi. Mimi simtazami usoni.

Ndoa ni Jumamosi tarehe 24 Juni, baada ya adhuhuri. Siku ileile. Aliichagua bwana harusi kwa ratiba ya lori lake. Mimi ndiye nitakayekaa mbele ya shehe nimshike bwana harusi mkono na kumwozesha Tabu, kwa kuwa mimi ndiye baba. Huko Songea waambie Daimu yuko benchi.

Mwanao,
Shukuru


Mjimwema, Songea
12 Juni 1995

Kaka Daimu,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva mkononi, nimemwapisha kwa Mungu wake na wangu.

Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Sikukasirikii tena. Nakuomba. Huku sina nguvu yoyote juu ya jambo hili, mimi ni mwanamke niliyeolewa mbali na kubadili dini, nikija huko watasema Edna amekuja kuvunja ndoa ya Waislamu. Wewe tu ndiye unayeweza. Marehemu alipokuwa anakata roho mimi ndiye niliyemshika kichwa, na alilosema ni moja: Tabu asome. Sikupata kukuambia, nilidhani hakuna haja.

Umeandika mwenyewe kwamba wewe ndiye utakayeushika mkono wa bwana harusi. Basi mkono si ni wako? Uondoe hapo. Siku hiyo uwe Songea. Huhitaji kurudisha neno wala kugombana na mtu. Baba asipokuwepo, nani ataozesha? Watangoja, watachoka, lori litataka kuondoka, na sisi tutakuwa na nafasi ya Tabu mkononi. Tukishakuwa nayo hata mama yako atanyamaza.

Nakupigia magoti, kaka yangu. Panda lori.

Biasha


Mjimwema, Songea
27 Juni 1995

Kaka Daimu, kaka yangu, mwenye mbumba,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Umeondoka na giza la asubuhi Jumapili bila hata kunywa chai, na mimi nilikuwa bado na mengi ya kukusimulia. Kidole chako vipi? Baridi imezidi tangu uondoke, tunalala na majaketi ya mitumba. Urban amemaliza kiapo chake zamani na sasa kila akinywa komoni anaigiza unavyoruka, ameshavunja kiti.

Wewe ulikuwa uwanjani, hukuona yaliyokuwa huku kwenye viti. Mzee Leo alipokuwa akiita majina ya timu yake nilikuwa nimemshika Urban mkono mpaka akalalamika. Waliokufa ni wengi, kaka. Kila mara "Yuko benchi," "Yuko benchi," na wale wazee sauti zinapungua. Halafu akaita, "Golikipa, Daimu Saidi." Ukasema, "Nipo." Hukupiga kelele, lakini ilisikika hadi kwenye miti.

Watu waligeuka. Wenyeji walielewa mara moja, niliwasikia wanawake nyuma yangu wakisema huyo amerithi. Mkuu wa shule ndiye aliyesimama. Alimwita Leo akamuuliza mzaha gani huu, kijana huyu mwaka sabini na mbili alikuwa hajaota meno, shule inatambua watu kwa rejista. Leo hakubishana. Alirudi uwanjani akawaambia wenzake neno, na wote wakakaa chini kwenye nyasi na matumbo yao ndani ya jezi zangu. Wewe ulibaki umesimama peke yako hujui la kufanya. Leo akamwambia mkuu wa shule mbele ya mgeni rasmi, "Mwalimu, hatujawahi kucheza bila golikipa wetu, na leo hatuanzi." Wazee wa timu nyingine nao wakaanza kukaa. Mgeni rasmi akatazama saa. Ndipo mkuu wa shule akacheka kwa shida akasema haya, kama ninyi mnamtambua, nani mimi.

Ulifungwa mabao mengi, tusidanganyane. Wale wanafunzi hawakuwa na huruma. Lakini ulisikia walivyokutukana wale wazee? Hayo ni matusi yaleyale waliyokuwa wakimtukana marehemu, neno kwa neno, na mimi nilikuwa natukanwa pamoja nawe huku nalia kwa furaha.

Nafasi ya Tabu tumepata. Karatasi ninayo, ina muhuri, jina lake limeandikwa vizuri. Anaanza Jumatatu tarehe 17 Julai. Sare nimeshona kwa kukisia, sketi nimeacha upindo mrefu kwa kuwa atakua. Atalala chumba cha watoto, nimeshawahamisha.

Nilipokuuliza habari za ndoa uliniambia, "Bila mimi hakuna kitu," ukaomba maji ya kuoga. Sikutaka kuuliza zaidi, nilikuwa na furaha ya kunitosha. Lakini sasa nimekaa na wasiwasi umeanza. Niandikie haraka. Au usiandike, mlete tu.

Mdogo wako,
Biasha


Namasakata, Tunduru
9 Julai 1995

Mama mdogo,

Shikamoo. Naomba uketi kwanza, na Urban awe karibu.

Nilifika Jumanne jioni. Niliona majivu ya moto mkubwa uani na masufuria ya kuazima yameinamishwa kukauka. Mama alikuwa mlangoni. Hakunigombeza. Aliniambia ingia ule, wali umebaki.

Nilikuwa nimewaaga kwamba nakwenda Tunduru mjini kutafuta mchele wa kuongezea. Siri yetu sikumwambia mtu, hata Tabu. Niliogopa uso wake utachangamka na watu watashtuka. Nilifikiri nitamwambia nikirudi, nikiwa na karatasi.

Jumamosi walinisubiri mpaka adhuhuri ikapita. Dereva aliyenipeleka alikuwa ameshawaambia niko Songea kwenye sherehe ya mpira. Bwana harusi akaanza kusema lori lake linachelewa. Wazee wakamwambia shehe hatuwezi kufunga ndoa, baba wa mtoto hayupo. Shehe akauliza baba yupi. Wakasema Daimu. Akawajibu kwa upole, mama ananiambia hakuwa na kiburi hata kidogo: Daimu ni marehemu, na marehemu hasubiriwi. Huyu Shukuru ni mpwa wake, damu ya upande wa mama, kwa sheria hawezi kumwozesha Tabu, na hata angekuwepo asingefaa. Mambo ya kurithi jina ni mila yenu, ndoa ina walii wake, msimamizi wa damu ya baba. Akauliza kama marehemu ana ndugu wa upande wa baba. Wakamkumbuka yule mdogo wake wa baba mmoja, wa kijiji cha pili, tusiyesalimiana naye. Walimfuata kwa baiskeli. Alikuja na shati la shambani, akashika mkono, ikaisha.

Mkono wangu haukuwa na kazi tangu mwanzo, mama mdogo. Tuliuficha bure. Watu wa Songea wasionijua walikaa chini kwenye nyasi kwa ajili yangu, na hapa kwetu, waliponivika jina hili wenyewe, hakuna aliyesimama kunitetea. Na kibaya zaidi ni hiki ninachokiwaza usiku na mchana: kama nilikuwa si chochote, basi na lile neno la Desemba lilikuwa si chochote. Ningeweza kulirudisha siku yoyote nikaitwa mwoga tu. Ningekaa hapa Jumamosi ile, nikapiga kelele kama mtu mwingine yeyote, labda angesikia hata mmoja.

Tabu amepelekwa Nachingwea. Nimekwenda hadi Tunduru mjini kutafuta usafiri wa huko nikarudishwa na wazee, wamesema nisiongeze aibu. Sare usiigawe bado. Au igawe, sijui. Sijui nikuambie nini.

Ile siku, walipokwisha kumpamba, aliuliza mara moja tu baba yake yuko wapi. Mama anasema walitazamana, kisha wakamwambia, "Baba yako amekwenda Songea kucheza mpira." Akapanda lori.

Mwanao,
Shukuru